Haneti: Pima kisima kwanza, ndipo uchore matuta

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Kondoa na Arusha, unapita Msalato, unapita Makutupora kwenye kituo cha utafiti wa zabibu, kisha nyumba zinaanza kupungua na vichaka vinaongezeka. Mibuyu inasimama mmoja mmoja, imepukutisha majani. Haneti, kata ya Wilaya ya Chamwino, iko mbele huko, chini ya kilomita 100 kutoka mjini.

Njia hii ni kipande cha ile barabara kuu ya zamani iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Hata hivyo, kwa miaka mingi sehemu ya Dodoma hadi Babati ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Lami ya kilomita 251 ilizinduliwa Aprili 2018, na maisha ya vijiji vya kandokando yakabadilika. Zamani tenga la nyanya kutoka huku lingefika sokoni limepondeka. Leo linaweza kupakiwa alfajiri na kushushwa Dodoma kabla ya watu kunywa chai. Na Dodoma yenyewe, tangu Serikali ilipohamia huko, imejaa watu wanaokula mboga kila siku na hawana pa kuzilima.

Wachimbaji wa vito wanaijua Haneti kwa jiwe la kijani liitwalo krisoprezi, linalopata rangi yake kutokana na madini ya nikeli. Lakini akina mama wa huku wana kijani kingine wanachokifikiria: mchicha, chainizi, kabichi, na nyanya kabla hazijaiva. Katika hicho hakuna anayeuliza kama udongo utakubali. Swali ni moja tu, maji yatatosha?

Hewa yenye kiu

Dodoma hupata mvua ya wastani wa kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mbingu hufungwa kwa miezi saba hivi. Lakini jua na upepo havifungwi. Hewa ya huku, ikipewa maji ya kutosha, inaweza kunyonya zaidi ya mara tatu ya mvua hiyo katika mwaka. Ndiyo maana wakulima wa Kigogo tangu zamani walishikilia mtama na uwele, mazao yanayojua kusubiri. Mboga za majani hazijui kusubiri. Mchicha ukikosa maji siku mbili Oktoba, siku ya tatu unaukuta umelala.

Nilikwenda Haneti mwishoni mwa Oktoba, nikimsindikiza rafiki aliyekuwa akiwatembelea wakwe zake. Ni wakati mgumu kuliko yote wa mwaka, na kwa hiyo ndio wakati mzuri kuliko yote wa kujifunza habari za maji. Baada ya "Mbukwenyi" na kuulizana hali, maongezi yalifika haraka kwenye jambo lililokuwa likiitikisa familia ile. Kijana wao aliyeko mjini alikuwa tayari kutuma fedha za kununua pampu ya sola na mipira ya umwagiliaji wa matone. Shabaha yake ilikuwa ekari moja ya nyanya. Kaka mtu aliufurahia mpango. Mama mwenye nyumba alikuwa kimya, na alikuwa na sababu ya kukaa kimya: kisima kile wanakitumia nyumba tatu, na yeye ndiye atakayekabiliwa na majirani siku kikikauka.

Kamba, dumu na daftari

Badala ya kubishana, tulipima. Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu, na kila familia yenye kisima kifupi inaweza kukifanya.

Kwanza majirani waliombwa wajaze madumu yao jioni, ili kesho yake wasichote. Alfajiri maji yote yalitolewa hadi karibu na chini, tukafunga jiwe kwenye kamba na kuipiga fundo pale maji yalipofikia. Baada ya saa 24 tukashusha kamba tena. Maji yalikuwa yamepanda mita mbili.

Kisima kile ni cha duara, upana wake mita 1.2. Kisima cha upana huo hubeba karibu lita 1,130 katika kila mita moja ya kina. Mita mbili ni lita 2,260 kwa siku. Ukichota kidogo kidogo mchana kutwa utapata zaidi ya hapo, kwa sababu maji huingia kwa kasi zaidi kisima kikiwa kitupu. Lakini bajeti nzuri haihesabu bahati.

Hatua ya pili ni kutoa fungu la watu na mifugo kabla hujaigusa bustani. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa kila mtu kijijini kwa siku. Nyumba ya watu sita ni lita 150. Ng'ombe watano, kila mmoja lita 30, ni lita 150 nyingine. Mbuzi kumi, lita tano kila mmoja, ni 50. Jumla ni lita 350 kwa nyumba moja, na kwa nyumba tatu zinazofanana ni lita 1,050.

Toa hizo katika 2,260. Zinabaki lita 1,200 hivi. Hizo ndizo lita za mboga, na hakuna nyingine.

Mboga moja inakunywa kiasi gani?

Wataalamu wa umwagiliaji huanza kwa kupima kiu ya hewa, yaani maji yanayopotea kwa siku kutoka kwenye nyasi fupi zilizomwagiliwa vizuri. Katika uwanda huu wa kati kiu hiyo ni kati ya milimita nne na tano kwa siku mwezi Juni na Julai, na hupita sita Oktoba na Novemba. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Ukikumbuka hilo, hesabu nyingine zote zinakuwa nyepesi.

Kisha kiu ya hewa huzidishwa kwa kipimo cha zao. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, uliotolewa mwaka 1998 na ambao bado unatumika duniani kote, unaipa nyanya kipimo cha 0.6 ikiwa changa, 1.15 inapochanua na kubeba matunda, na hushuka tena matunda yanapoiva. Kabichi na kitunguu huanzia 0.7 na kufika 1.05. Kwa maneno mengine, mche mchanga unakunywa karibu nusu ya mmea uliokomaa. Anayemwagilia kiasi kilekile tangu siku ya kupandikiza hadi siku ya kuvuna anamwaga maji mwanzoni na kuipunja mimea mwishoni.

Chukua nyanya zenye maua mwezi Oktoba. Kiu ya hewa ya milimita sita na kidogo, mara 1.15, ni karibu milimita saba, yaani lita saba kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hayo ni maji yanayotakiwa kufika kwenye mizizi. Kuna yanayopotea njiani. Ukimwagilia kwa mfereji wa udongo unaweza kupoteza hata asilimia 40. Ukimwagilia kwa keni au kopo kwenye shina, huku umetandaza nyasi, hasara inaweza kuwa kama sehemu moja ya tano. Kwa mipira ya matone iliyotunzwa vizuri ni kama sehemu moja ya kumi.

Kwa keni na matandazo, basi, inatakiwa karibu lita tisa kwa mita ya mraba. Gawanya lita 1,200 kwa tisa: mita za mraba 133. Ni matuta 13 ya upana wa mita moja na urefu wa mita kumi.

Sasa iangalie ile ekari moja ya nyanya. Ekari ni mita za mraba 4,047. Hata kwa matone, ingehitaji zaidi ya lita 31,000 kila siku ya Oktoba. Ni zaidi ya madumu 1,500 ya lita 20. Kisima kina madumu 60 ya kutoa.

Kaka mtu aliirudia hesabu mara mbili kwenye simu yake, kisha akanyamaza. Pampu haizai maji. Pampu inayavuta tu, tena inayavuta haraka kuliko mkono wa mama mwenye ndoo. Mkono ukichoka unapumzika na kisima kinapumzika nacho. Pampu ya sola haichoki hadi jua lizame, na jua la Haneti halizami mapema.

Panda Mei, pima Oktoba

Hesabu ileile ina habari njema ndani yake. Mwezi Juni kiu ya hewa iko chini, na nyanya iliyokomaa hutosheka na lita sita na nusu kwa mita ya mraba pamoja na hasara. Maji yaleyale 1,200 yanalisha matuta 18. Na kisima chenyewe Juni kina maji mengi zaidi, kwa sababu masika yamepita juzi tu. Tena udongo bado una unyevu chini, ambao mizizi ya nyanya inaufuata bila kumwomba mtu.

Kwa hiyo mpango ulioandikwa kwenye daftari ulikuwa huu. Miche isiwe tayari Agosti. Iwe tayari mwishoni mwa Aprili, ipandikizwe mvua zinapoaga. Maua na matunda yaangukie Juni na Julai, hewa ikiwa baridi. Mavuno makubwa yawe yamekwisha Septemba. Oktoba na Novemba yabaki matuta machache ya mchicha na figiri, mboga za wiki tatu hadi tano, ambazo kisima kikizidiwa unaweza kuzing'oa zote na hasara ikawa ndogo. Nyanya ya miezi mitatu ikikosa maji katika wiki yake ya maua, imechukua maji ya miezi miwili bure.

Ukubwa wa bustani upangwe kwa kipimo cha Oktoba, si cha Mei. Mwezi Mei kila kisima ni tajiri.

Na usipande matuta yote siku moja. Ukipandikiza matuta manne, kisha mengine manne baada ya wiki mbili au tatu, hayatafika kwenye kilele cha kiu kwa pamoja. Sokoni pia utakuwa na tenga moja kila wiki badala ya matenga kumi siku ambayo kila mtu ana nyanya.

Udongo ndio tangi lako la kwanza

Udongo mwingi wa maeneo haya ni wa kichanga au tifutifu yenye mchanga. Udongo wa aina hiyo hushika maji kidogo, kama milimita 80 kwa kila mita moja ya kina. Kitunguu mizizi yake mingi iko sentimita 30 za juu. Maji anayoyapata kwa raha kabla ya kuanza kuteseka hayafiki milimita kumi, kwa hiyo anataka kumwagiliwa kidogo karibu kila siku. Nyanya iliyoshusha mizizi hadi sentimita 80 inaweza kukaa siku tatu au nne. Kumwagilia nyanya vijiko vijiko kila siku kunaifundisha mizizi kubaki juu, na siku utakaposafiri kwenda msibani utaikuta imenyauka.

Njia rahisi ya kujua ni kuchimba kwa kidole au kwa kijiti karibu na shina hadi kina cha kiganja. Finyanga udongo uliotoka huko. Ukishikana kama tonge laini, subiri. Ukimomonyoka mara unapofungua kiganja, mwagilia. Uso wa tuta usikudanganye, maana huku uso hukauka kabla hujarudisha keni nyumbani.

Samadi iliyooza vizuri huongeza uwezo wa mchanga kushika maji, na huku samadi ipo. Nyasi kavu au mabua ya mtama yakitandazwa juu ya tuta huzuia jua lisinyonye maji moja kwa moja kutoka kwenye udongo. Uzio wa mabua upande unakotoka upepo nao ni umwagiliaji, kwa sababu unapunguza kiu ya hewa.

Umwagiliaji wa kusuasua pia una adhabu yake. Nyanya iliyokauka kisha ikafurikishwa hupasuka, na nyingine huota kitako cheusi. Kabichi hupasuka kichwa. Bora kidogo cha uhakika kuliko kingi cha kubahatisha.

Jambo moja zaidi ni chumvi. Visima vingi vya Kanda ya Kati vina maji ya chumvichumvi. Ukiona sabuni haitoi povu vizuri, sufuria ina ukoko mweupe, na tuta linaota ungaunga mweupe baada ya kukauka, usianze na maharage, karoti wala vitunguu, kwani hivyo ndivyo vinavyoumizwa mapema zaidi. Kabichi na nyanya huvumilia kiasi.

Maji ya chini nayo yana miaka yake

Kuna sababu kubwa zaidi ya kutokinyonya kisima hadi tone la mwisho, nayo iko njiani tunakopita. Makutupora ndiko viliko visima vikuu vya maji ya jiji la Dodoma, na maji yake ya chini ya ardhi yamekuwa yakipimwa kwa zaidi ya miaka 50. Watafiti waliochapisha matokeo ya kumbukumbu hizo mwaka 2013 walionyesha kwamba maji ya chini hayajazwi sawasawa kila masika. Kwa miaka kadhaa kiwango hushuka polepole, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa mno na kukipandisha ghafla. Ujazo mkubwa kuliko wote ulikuja na mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Mvua ileile iliyobomoa madaraja ndiyo iliyojaza visima. Kwa kisima cha kijijini somo ni kwamba maji unayochota leo huenda yaliingia ardhini miaka kadhaa nyuma, na huenda miaka kadhaa ikapita kabla ya mengine kuja kwa wingi. Mwaka wa mvua ya kawaida si ahadi kwamba kisima kimejazwa.

Mkoa huu umewahi kuona gharama ya kupanga kilimo bila kuiuliza mvua. Kongwa, mashariki ya Dodoma, Waingereza walianza mwaka 1947 mpango wao mkubwa wa karanga. Walileta matrekta na fedha nyingi, wakitarajia mamilioni ya ekari. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikutosha, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Familia haina hazina ya kulipia kosa la namna hiyo. Ina mbuzi wachache na ada za shule.

Vyanzo viwili vinavyosahaulika

Kabla ya kuchimba kisima kingine, angalia juu. Bati la mita za mraba 50, kwa mvua ya Dodoma, linaweza kukusanya zaidi ya lita 20,000 kwa mwaka hata ukitoa zinazomwagika. Kwa nyumba ya watu sita inayotumia lita 150 kwa siku, hayo ni maji ya zaidi ya miezi minne. Tangi la kuyahifadhi yote ni ghali, lakini hata tangi dogo linalojazwa tena na tena masika hukipa kisima muda wa kupumzika.

Kisha angalia ghalani kwa bibi. Wagogo wamekuwa wakikausha mlenda na majani ya kunde tangu zamani, wakati wa mvua, kwa ajili ya miezi kama hii. Jani lililokaushwa Machi limekunywa maji ya mbinguni bila dumu hata moja kubebwa. Kila kikapu cha mboga kavu ni tuta moja ambalo halihitaji maji Oktoba. Mama yule alitupikia mlenda mkavu kwa ugali wa mtama, na pale kwenye mkeka ndipo alipozungumza kwa mara ya kwanza kuhusu pampu. Hakuikataa. Alitaka iwe ndogo, ifungwe swichi inayozima maji yakishuka hadi fundo walilokubaliana na majirani, na fedha zitakazobaki zinunue tangi la mvua. Kaka mtu alikubali.

Familia inayotaka kwenda mbali zaidi, kwa kisima kirefu cha mashine, isichimbe kabla ya kuuliza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa matumizi ya aina hiyo, na ofisi ya bonde husika ndiyo inayotoa. Kama chanzo ni cha mradi wa kijiji, chombo cha watumia maji kilicho chini ya RUWASA ndicho cha kuanza nacho. Mtaalamu wa kilimo wa kata naye yupo, mwiteni aje alione tuta kabla halijachorwa.

Msomaji uliye mjini, unayetaka kumwinua mama kijijini kwa bustani, nia yako ni njema. Kabla hujatuma pampu, mpigie simu mwishoni mwa Oktoba umwombe mambo matatu: kisima kinapanda mita ngapi kwa siku, kina upana gani, na nyumba ngapi zinakitegemea. Andika majibu kwenye daftari, toa fungu la watu, toa fungu la mifugo, kinachobaki gawanya kwa lita tisa. Hapo utajua utume fedha za matuta mangapi.